Injini Inayotafuna Changarawe

Mimi na mume wangu Rex tuligawana kazi tangu mwanzo: macho yangu, masikio yake. Yeye husikiliza injini, mimi husoma plagi, na mimi ndiye ninayepanda, kwa sababu nina kilo hamsini na mbili na yeye ana mia na kitu ambacho hataki kitajwe. Watu wakija kwetu Peterborough, mji mdogo kaskazini ya Adelaide, wakamkuta bibi wa miaka sitini na nne amevaa ovaroli, na babu wa sitini na nane anamfungia helmeti kidevuni, hucheka kwanza. Kisha huiona pikipiki, wakainama kuitazama.

Ni ndefu na ya chini mno, unailalia kifudifudi. Injini yake ni ya Kijapani, silinda nne. Ilikuwa mali ya mwalimu mmoja aliyeanguka nayo mara mbili, mara ya tatu akaona bora aiuze. Ubavuni Rex ameifungia supachaja tuliyoing'oa kwenye kigari kidogo cha mjini. Inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki, ule mhimili mkuu wa injini, na kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya injini, hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingevuta kwa pumzi yake yenyewe. Hewa nyingi inataka petroli nyingi, na petroli nyingi inatoa moto mwingi. Ukipitiliza kidogo tu, pistoni zinayeyuka. Ufundi wote ni huo, na unatosha kummaliza mtu uzee wake.

Kila mwezi wa tatu, ziwa la chumvi la Gairdner likiwa limekauka kama sakafu, klabu yetu hupiga hema kule na kupima mbio. Tuna ubao, na aliyevuka maili mia mbili kwa saa huandikwa jina lake kwa rangi nyekundu. Nchi nzima inahesabu kwa kilomita, sisi tumeng'ang'ana na maili zetu. Miaka kumi na mmoja nimelitaka jina langu pale, Avis Lienert, na sioni haya kusema hivyo. Mwaka jana nilifika mia moja tisini na nne, pistoni ya tatu ikayeyuka, oili ikamwagikia gurudumu la nyuma, nikaburuzika kwa mgongo mita mia tatu. Nilizinduka bega limeteguka na chumvi mdomoni.

Rex alisema ni petroli mbaya. Nikamwamini.

Tukaifumua yote msimu wa baridi. Krenki ililala kwenye meza ya jikoni miezi miwili, tukawa tunakula tumepakata sahani. Ili beringi ziingie kwenye nyumba zake lazima chuma kipashwe moto kitanuke, na hatuna tanuri jingine isipokuwa langu la kupikia. Kwa hiyo Jumapili moja nusu ya injini iliingia ndani pamoja na paja la mwanakondoo. Beringi ziliteleza zikaingia zenyewe, tamu kabisa. Nyama ilinuka oili, na Rex akala vipande vitatu akasema mwaka huu nimepatia viungo. Nilikereza mwenyewe vishina vya valvu, kwa sababu mkono wangu kwenye mashine ya kukereza ni mzuri kuliko wake na anajua. Pistoni mpya zilikuja kwa posta. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili ilikuwa imesimama tena kwa miguu yake, nzima, haina hata tone chini.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kuunganisha injini anaweza yeyote mwenye subira na spana. Kuipanga ili itoe nguvu zote bila kujiua ndiko kunakotaka sikio, na sikio la Rex lilikuwa na jina. Watu wameendesha kilomita mia mbili na hamsini kutoka Adelaide wakiwa na mashine zao kwenye trela, ili Rex Lienert awasikilizie.

Chombo chake ni kipande cha bomba la shaba. Ncha moja ameiponda ikawa bapa, akaitoboa, akaifunga kwa bolti kwenye mwili wa injini. Ncha ya pili inaingia kwenye mpira mrefu, na mpira unaingia kwenye vizibo vya masikio kama vile vya watu wa viwandani. Petroli ikiripuka kabla ya wakati wake, tunasema injini inagonga. Eksozi inapiga kelele kiasi kwamba kwa sikio tupu huwezi kujua, lakini kwenye bomba unasikia wazi, kama mtu anatikisa changarawe ndani ya kopo. Ikigonga kidogo, inamega pistoni. Ikigonga sana, mpandaji yuko chini.

Asubuhi ya kwanza tuliifunga kwenye mashine yetu ya kupimia nguvu, ambayo Rex aliiunda kwa rola za lori, breki ya maji, na mizani ya zamani ya stesheni iliyokuwa ikipima magunia. Tibor ndiye aliyeshika mkono wa gesi. Tibor ni jirani yetu, dereva wa treni mstaafu, wazazi wake walimleta kutoka Hungaria akiwa bado ananyonya. Kazi yake bandani kwetu ni mbili: kushika mkono wa gesi, na kusema yasiyotakiwa.

Injini ikapanda hadi juu kabisa, mabati yakatetemeka, sindano ya mizani ikasimama kwenye kilo arobaini na moja. Tibor akazima. Rex akavua vizibo, anatabasamu.

"Safi," akasema. "Safi kama maziwa."

Mimi nikafungua plagi, nikaenda nayo dirishani na lenzi yangu. Kaure ya plagi inatakiwa iwe na rangi ya chai ya maziwa, na rangi ilikuwa hiyo. Lakini juu yake kulikuwa na vidoa vya rangi ya fedha, vidogo kuliko ncha ya sindano. Vidoa vile ni pistoni. Ni alumini inayomeguka kwa kugongwa na kwenda kuganda kwenye plagi, na hakuna kitu kingine chochote duniani kinachoviweka pale.

"Rex, kuna fedha hapa."

"Ya mwaka jana hiyo."

"Mwaka jana ipi? Plagi mpya, pistoni mpya, na silinda umezisugua mwenyewe kwa mswaki wangu wa meno!"

"Basi ni vumbi la kukereza. Mama, mimi nimesikiliza. Ingegonga ningesikia."

Tukaweka plagi nyingine, tukarudia. Safi, akasema. Fedha, nikaona. Siku ya pili vivyo hivyo. Sikusema tena, nikazifunga plagi ndani ya leso na kuzitia mfukoni.

Siku ya tatu Rex alikwenda posta kuchukua kifurushi. Nikamwambia Tibor awashe. Nikavaa vizibo mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, maana kugusa bomba la Rex ilikuwa kama kuvaa meno yake. Injini ikapanda. Kwenye duru elfu tisa kwa dakika, changarawe. Haikuwa ya kutafuta wala ya kubahatisha, kopo zima lilitikiswa sikioni mwangu. Nikampungia mkono Tibor azime, nikamvisha yeye, nikashika gesi mimi. Alivivua haraka kama vimemchoma.

"Shemeji, hii injini inatafuna mawe."

"Najua."

"Na yeye anasema maziwa?"

"Ndiyo."

Tibor akajifuta jasho. "Miaka ishirini na tano anapigia nyundo maboila ya reli, halafu tunashangaa. Sikio la kufa, shemeji..."

"Usimwambie."

"Nani, mimi? Nikimwambia atasikia?"

Ningemwambia mimi. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nilimwona anarudi na kifurushi chake kwapani, anatembea kama mtu anayehitajika, nikashindwa. Shuleni hakufika mbali, reli ilimwacha, mgongo umemkataa, watoto hatukujaaliwa. Kilichobaki kilikuwa lile sikio na watu wanaokuja na trela zao. Nikasema, ngoja, nitalitengeneza kimya kimya. Nikafanya upumbavu nikauita huruma.

Cheche zetu hupangwa na sahani ya duara iliyo ubavuni mwa injini. Unalegeza skrubu mbili, unaizungusha. Ukiipeleka mbele cheche zinawahi, nguvu inaongezeka, na hatari pia. Ukiirudisha nyuma unapoteza nguvu kidogo, injini inapumua. Rex alipokwenda kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, niliirudisha nyuma digrii mbili. Nikasikiliza na Tibor: kimya, kimya cha kweli. Nikakaza skrubu, nikafuta hata alama za vidole.

Jioni Rex akaipima. Thelathini na nane.

"Kilo tatu zimekwenda wapi?" akauliza.

"Labda joto," nikasema, na uso wangu mkavu.

Sikujua alivyo. Au nilijua nikasahau, baada ya miaka arobaini na miwili ya ndoa. Rex hawezi kupoteza kitu akakiacha. Siku tatu alifungua kila alichoweza kufungua. Alifumua supachaja iliyokuwa haina kosa, akaifunga, akaifumua tena. Hakula. Alinijibu mkato. Tibor alipomtania kwamba labda injini imefika umri wa kustaafu, alimwambia aende kwake akafuge kuku. Nilimwona ameinamia sahani ile ile, nikageukia kwingine.

Alhamisi mimi huenda klabu ya wazee kuviringisha matufe majanini. Nilirudi saa kumi nikamkuta anapiga mluzi.

"Njoo uone," akasema. Akaiwasha, mkono mmoja gesi, mwingine bomba sikioni. Mizani ikafika arobaini na nne.

"Umefanyaje?"

"Upepo ulikuwa unavuja. Klempu ya bomba ilikuwa imelegea tu."

Na mimi, mwanamke mzima, nikafurahi! Nilimbusu shavuni pale pale na grisi zake. Arobaini na nne ni maili mia mbili na sita au saba. Niliziona herufi nyekundu. Plagi alikuwa ameshazitoa na kuzifuta mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, nikaliacha lipite. Tamaa ina upofu wake.

Jumamosi nilikuwa nafagia banda, siku nne kabla ya safari. Chini ya mashine ya kukereza nikakuta nyuzi za alumini zilizojikunja, mbichi, zinang'aa. Mimi sikuwa nimekereza chochote wiki ile. Nikachukua kipimo nikaenda kwenye puli ya supachaja, kile kigurudumu kinachopokea mkanda. Ilikuwa imepungua milimita nne. Puli ikiwa ndogo supachaja inazunguka haraka zaidi, inashindilia zaidi. Nikachungulia sahani ya cheche: ilikuwa imerudishwa mbele mahali pake pa zamani, na juu ya skrubu amepaka mstari wa rangi ili isisogee tena.

Yaani changarawe zote za mwanzo, na juu yake lundo jingine. Na mimi ndiye niliyemsukuma afanye hivyo. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na sisi tulikuwa wawili tu, kila mmoja amemficha mwenzake usukani.

Rex alikuwa amekaa mlangoni anakunywa chai, amenipa mgongo. Nikamwita. Nikamwita tena. Mara ya tatu nikazunguka nikasimama mbele yake.

"Umekata puli."

"Nguvu ilipotea. Nilikuwa nairudisha."

"Na sahani?"

"Ilitikisika ikarudi nyuma. Nimeiweka pake."

"Haikutikisika. Niliirudisha mimi."

Akaweka kikombe chini polepole. "Umenichezea injini nyuma ya mgongo wangu?"

"Ndiyo. Kwa sababu inagonga, Rex. Mimi nimesikia. Tibor amesikia. Jogoo wa Tibor akivishwa vile vizibo naye atasikia. Asiyesikia ni wewe."

"Mimi nasikia vizuri."

"Nimekuita mara tatu sasa hivi hapo mgongoni."

"Nilikuwa nafikiri."

"Siku hizi unafikiri sana!"

Nikatoa leso mfukoni nikamwekea plagi zote mapajani, nikampa na lenzi. Hakuitazama hata moja. Aliangalia uwanja wa nyuma, kwenye kamba ya nguo.

"Mwaka jana pia sikusikia," akasema.

"Unasemaje?"

"Nilivaa bomba, nikangoja. Kukawa kimya. Kimya kizuri, Avis. Nikajiambia kimya ni salama. Ulipoanguka, nikajua."

"Ukasema petroli."

"Nikasema petroli."

Spana ya kumi na saba ilikuwa mkononi mwangu, na Mungu ananijua nilitaka kuitumia. Badala yake nikaingia ndani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikumbuka bega langu, wiki sita za kulala nimekaa, na yeye akinilisha supu kwa kijiko, mpole kama malaika, anajua. Nilimchukia. Nasema wazi, kwa muda wa sinki moja la vyombo nilimchukia mume wangu. Halafu nikafika kwenye vikombe nikakumbuka kwamba mimi nami nilifuta alama za vidole. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa mgonjwa alikuwa yeye, na aliyekuwa aende kaburini ni mimi.

Nilipotoka alikuwa amekwishafunga puli ya zamani. Tibor alikuwa pale, mkono tayari kwenye gesi.

"Vaa," Rex akaniambia, akaninyooshea vizibo. "Weka mkono begani kwangu. Ikigonga, bonyeza."

Basi tukafanya hivyo. Tibor kwenye gesi, mimi masikioni, Rex amepiga magoti na bisibisi kwenye sahani, mkono wangu begani kwake. Ilipoanza kugonga nilibonyeza, naye akarudisha nyuma unywele mmoja. Tena. Nikabonyeza. Tena. Bega lake lilikuwa gumu kama ubao mara ya kwanza. Mara ya sita lilikuwa limelegea. Tulipofika nyuma digrii mbili kamili sikubonyeza tena, na plagi zikatoka rangi ya chai, hazina hata kidoa.

Thelathini na nane.

Rex akakaa juu ya ndoo na penseli yake, akapiga hesabu mara mbili nyuma ya bahasha.

"Mia tisini na nane," akasema. "Tisini na tisa upepo ukipenda."

Hapo ndipo nilipojijua. Nilichuchumaa karibu yake nikamwambia, "Weka digrii moja mbele. Moja tu. Mbio yenyewe dakika na nusu. Itagonga kidogo tu."

"Hapana."

"Ni mimi ninayepanda."

"Ndiyo maana hapana." Akapaka mstari mpya wa rangi kwenye skrubu, akakipa Tibor kikopo cha rangi. "Peleka kwako hiki. Ukifungie na kuku."

Ziwani tulifika Jumatano, baada ya kilomita nyingi za barabara ya vumbi, meno yanagongana. Mkaguzi wa usalama aliikagua mashine kuanzia waya hadi bolti, akauliza nani amezipanga cheche. Rex akasema, "Mke wangu." Mkaguzi akanitazama, akaandika. Sijui kama nilisimama wima zaidi, lakini ngozi ya suti yangu ilinibana kifuani.

Zamu yetu ilikuja Ijumaa asubuhi, upepo umelala. Tibor alinisukuma kwa gari lake hadi injini ikashika, Rex akasubiri pembeni na pikapu yetu. Huko hakuna cha kuona: nyeupe chini, bluu juu, na mstari mweusi uliochorwa kwenye chumvi ambao unaufuata mpaka ukuishie. Maili ya kwanza ni ya kukusanya mwendo. Ya pili unapachika gia ya mwisho na kuficha kidevu. Ya tatu ndiyo inayopimwa. Injini iliimba sauti moja, haikukohoa, haikutetemeka, na nilijua, kwa mifupa ya makalio, kwamba ni nzima. Sikuogopa. Mwaka jana niliogopa nikadhani ni kawaida.

Nilipita kibendera cha mwisho, nikaachia gesi, ikaniteremsha taratibu hadi ikasimama. Nikashusha miguu, nikavua helmeti, nikangoja.

Kule ziwani mpandaji ndiye wa mwisho kujua. Binti wa kituo cha saa husoma namba kwenye redio mara moja, na kila gari ziwani linaisikia, isipokuwa wewe uliyeko peke yako mwisho wa mstari. Namba yako huletwa na mtu wako. Ndivyo ilivyo. Mtu wako akija anapiga honi kwa mbali, unajua. Akija kimya, unajua pia. Akifika na uongo wa kutia moyo hakuna wa kumkamata mpaka mrudi kambini.

Pikapu ikaja kimya. Rex akasimamisha, hakushuka. Kioo kilikuwa chini na redio imewashwa.

"Ngapi?" nikamuuliza.

Akaniangalia. Midomo yake ilicheza kidogo. Nilimjua vya kutosha kuona namba ya uongo ikipita pale, tayari, mia tisini na nane, aliyoipiga mwenyewe kwa penseli. Na pengine ingekuwa karibu na kweli.

"Sijui," akasema. "Nilisikia sauti. Namba sikuipata."

Akachukua kipaza sauti cha redio, akabonyeza.

"Kituo cha saa, hapa Lienert. Binti, nirudie namba ya mke wangu." Akasogeza sikio kwenye redio. "Sema polepole, kwa nguvu. Mimi ni kiziwi."

Magari mia na zaidi ziwani, wale wa Adelaide wenye trela wote wakiwemo, na wote walimsikia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka neno lile, si kwa daktari, si kwangu. Kisha binti akarudi, taratibu, tarakimu moja moja, kama anayemvusha mtu barabara. "Moja. Tisa. Nane. Nukta. Nne."

"Mia tisini na nane nukta nne," Rex akaniambia.

Machozi yakanitoka. Nilishika usukani wa pikipiki nikalia ndani ya suti ile, makamasi na chumvi pamoja.

"Usilie, mama," akasema, ameshikwa na fadhaa, ile redio bado mkononi. "Maili moja na nusu tu. Mwakani tutazipata, nakuahidi, nitaangalia mafuta, nitaangalia mkanda..."

"Silii maili mimi, punda wee!" nikapiga kelele. "Nalia kwa kuwa umesema!"

Kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza. Alipokitazama akakiachia, redio ikachachatika, na sauti ya Tibor ikatoka kule mwanzo wa mstari.

"Shemeji, tumekusikia ziwa zima. Swali ni mwenyewe, kasikia?"

Rex akanigeukia.

"Kasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia.